Kengele ya Bi Ozanne

Siku jina la Bi Ozanne Fuselier lilipoangukia mezani kwake, Denetra Guillory alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, cha peke yake, mpaka mwenzake wa meza ya jirani akainua kichwa.

"Kulikoni? Umeshinda bahati nasibu?"

"Zaidi ya hapo," akasema Denetra, akaikunja ile karatasi ya maombi akaitia mkobani kabla mwingine hajaiona.

Kazi yake ilikuwa ushauri wa afya ya akili kwa watoto wadogo. Usisikie jina refu ukadhani ni kazi ya koti jeupe na kiti cha kuzunguka. Kazi yenyewe ni kukalia kiti cha mtoto wa miaka minne, magoti yakikugusa kidevu, leo chekechea hii kesho ile, unamwangalia mtoto anayeng'ata wenzake au anayerusha viti, na unamwangalia zaidi mtu mzima aliye karibu naye. Shule ikielemewa na mtoto inamwita mshauri, ili asije akafukuzwa. Na mshauri si mkaguzi, hamshtaki mtu popote. Anaangalia, anaandika, kisha anamwambia mwalimu: mtoto huyu anasumbuliwa na hili, hebu jaribu lile. Denetra alikuwa hodari wa kazi hiyo. Miaka kumi na minne alikuwa akizunguka vijiji vyetu vya kusini mwa Luiziana, kobe wake wa kitambaa kajilaza kiti cha nyuma, na watoto waliobaki shuleni kwa ajili yake ni wengi.

Kilichomwingiza kwenye kazi hiyo hakuwahi kumwambia mtu. Mimi nitakuambia.

Alikuwa na miaka tisa. Mdogo wake Kerwin alikuwa na minne, mtoto wa mbio na makelele, akisoma hapa hapa Petit Coulee, kwenye chekechea ya Bi Ozanne nyuma ya kanisa la Betheli. Kerwin akimsukuma mtu, Bi Ozanne anapiga simu kiwandani, mama yao alikokuwa akimenya kamba wa matope: njoo umchukue mwanao. Kesho simu. Keshokutwa simu. Hakumfukuza, la hasha! Bi Ozanne hajamfukuza mtoto hata mmoja maishani mwake, muulize atakuapia mbele ya msalaba. Aliita tu, akaita, mpaka msimamizi wa kiwanda akachoka na mama wa kuitwaitwa, akamwambia asirudi tena. Ndipo mama yao akaenda mwenyewe, akatia sahihi fomu ya kumtoa mtoto kwa hiari. Kwa hiari, jamani! Bi Ozanne akaenda kwenye vikulabu vya makoti, akabandua karatasi yenye picha ya chura na jina KERWIN, akamkabidhi mama.

"Mwanao ni mtoto mzuri, sha," akasema, kwa lile neno letu la kumpaka mtu asali. "Ila hapa si mahali pake."

Denetra alikuwa kasimama mlangoni, kashika funguo za gari la mama yake. Aliona yote. Alimtazama yule mwanamke kuanzia viatu mpaka kofia ya kanisani, akalirudia jina lake kimoyomoyo asije akalisahau. Mama yao hakupata tena kazi ya maana. Kerwin alikaa nyumbani kwa shangazi akitazama televisheni mpaka akapelekwa darasa la kwanza hajui hata kushika penseli, wakamweka chumba cha watoto wazito wa kuelewa, akatoka huko anasoma kwa kukwamakwama. Karatasi ya chura ipo mpaka leo, ndani ya Biblia ya marehemu mama.

Basi kanuni za kazi ya Denetra ni wazi: ukiwa na jambo la zamani na shule, unampa mwenzako akaende yeye. Alizijua, maana yeye ndiye aliyewafundisha wageni kanuni hizo. Akazikalia.

Ushauri huanzia nyumbani kwa mtoto. Mtoto mwenyewe aliitwa Tavion, wa miaka minne, na mama yake Monette Rideau, mpishi wa nyumba ya wazee, alimpokea Denetra jikoni mwa nyumba yao ndogo karibu na mashamba ya mpunga. Kahawa ilikuwa nyeusi, boudin, soseji yetu ya wali, imekatwa vipande kwenye sahani. Binti mkubwa, Zariah, miaka tisa, alikuwa kakaa pembeni akijifanya anafanya kazi za shule, na masikio yako mezani.

"Dada Denetra, nyumbani huyu hana neno," akasema Monette. "Nakuambia kweli. Mtundu, ndiyo, atamwaga mchele, atamvuta paka mkia. Lakini kung'ata? Kurusha kiti? Huyo mtoto wanayenisimulia mimi simjui."

"Kuna kitu kimebadilika hapa nyumbani mwaka huu?"

Monette akatazama mlango wa chumba cha nyuma. "Baba yangu alifia pale, mwezi wa kumi. Mzee Alcide. Kifua kilimshinda, hawezi kupaza sauti, nikampa kengele. Kengele ikilia tunakimbia sote, na Tavion mbele. Sasa siku ile mimi nipo nje naanika nguo. Kengele ikalia, mtoto akakimbia peke yake. Akamkuta babu yake anakabwa na kifua. Nilipofika, alikuwa kaishika ile kengele, anaipiga. Anapiga tu, anapiga."

"Nilimnyang'anya mimi," akasema Zariah kutoka pembeni. "Nikaitupa mtaroni."

Denetra aliandika yote hayo. Akamfariji Monette kwa maneno anayoyajua, na akampa Zariah kobe amshike. Moyo wake ulikuwa tayari nyuma ya kanisa la Betheli.

Ijumaa, tarehe tisa Januari, akaingia. Bi Ozanne alimpokea mlangoni, miaka sabini na tatu, mgongo bado umenyooka, wanja umekaa sawasawa. Hakumtambua. Atamtambuaje? Yule binti wa mlangoni alikuwa Denetra Ledet, na huyu ni Bi Guillory, mke wa mtu, na kitambulisho kifuani.

"Karibu, sha. Tumechoka na huyu mtoto. Tumemwombea, tumemkanya. Nadhani hapa si mahali pake."

Sikiliza hayo maneno! Miaka thelathini na miwili, na mwanamke hajabadilisha hata neno moja. Denetra alitabasamu tu, akaenda kukaa kwenye kijikiti chake cha pembeni, akatoa karatasi ya kuangalia.

Karatasi hiyo ndiyo jembe la kazi yake. Juu unaandika tarehe. Kisha kila mstari una saa, na vyumba vitatu: kabla palikuwa na nini, mtoto kafanya nini, baada ya hapo watu wazima wamefanya nini. Huachi mstari wazi, hufuti, hurudi nyuma kubadilisha.

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Bi Ozanne akatokea mlangoni mwa darasa na kengele ya shaba mkononi. Aliipiga mwenyewe, kila siku, kila zamu, tangu enzi za Kerwin: kuingia, uji, kucheza, chakula, kulala. Kengele ikalia. Tavion, aliyekuwa anajenga gereji ya magari kwa matofali ya mbao, kimya, ulimi nje, akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Macho yakamtoka. Akapiga teke ile gereji, akamsukuma mwenzake, akakimbilia mlangoni, na Mwalimu Tessie alipomdaka akamng'ata mkono.

Kabla: kengele. Denetra akaandika.

Saa nne, kengele. Mtoto akalipuka. Saa tano, kengele. Akalipuka. Mpaka saa saba kengele ilikuwa imelia mara tano na Tavion amelipuka mara tano, na katikati ya kengele na kengele hakuna hata kofi moja. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angeliona hilo. Denetra aliliona kengele ya pili. Alikuwa na dawa mdomoni, tena dawa ya bure, maneno manne tu: Mama, weka kengele chini. Piga makofi, imba, zima taa uwashe, chochote. Kesho yake mtoto angekuwa mzima.

Akafunga mdomo.

Usiwe na haraka ya kusema alikuwa mtu mbaya. Lakini usimwonee huruma pia. Alifikiri hivi: nikisema leo, kengele inawekwa chini, mtoto anatulia, Bi Ozanne anasifiwa kanisani kwa moyo wake wa uvumilivu, na mimi narudi nyumbani na chura wangu ndani ya Biblia. Nikingoja, atafanya lile alilolizoea. Ataita, ataita, kisha atatoa fomu. Na safari hii nitakuwa nimekaa pale pale na kalamu, nina tarehe, nina saa. Ijumaa ya tarehe thelathini kuna kikao cha wazazi na mashemasi. Nitasimama niisome karatasi hii mstari kwa mstari mbele ya kanisa zima. Wataninyang'anya kazi? Wachukue.

Ili kisasi kitimie, Tavion ilibidi atolewe. Denetra alilijua hilo. Alilipitisha haraka akilini, kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya anayemdai.

Mchana ule Mwalimu Tessie alimfuata kwenye gari. Binti wa miaka ishirini na mitatu, alama za meno mbichi mkononi, na machozi yako karibu.

"Dada, niambie nifanye nini. Chochote. Mimi nampenda huyu mtoto, naapa nampenda. Nakosea wapi?"

"Hukosei," akasema Denetra. "Tuendelee kuangalia kwanza."

"Mpaka lini?"

"Kidogo tu."

Wiki ya pili Monette aliitwa mara tatu akiwa jikoni mwa nyumba ya wazee. Wiki ya tatu, mara nne. Denetra aliandika kila simu, saa na dakika. Karatasi zilijaa. Jioni alizipanga, anazisoma kwa sauti mbele ya kioo akijaribu pa kupumzika na pa kukaza, na alipofika penye jina la Ozanne Fuselier alilitamka polepole akilifaidi.

Jumapili ya tarehe kumi na nane akaenda kwa Kerwin. Kerwin sasa ana miaka thelathini na sita, anaendesha mashine kiwanda cha kukoboa mpunga, kitambi kimeanza, watoto wawili. Alikuwa uani akikoroga sufuria ya kuku kwa mchuzi mweusi.

"Nimempata," akasema Denetra.

"Nani?"

"Bi Ozanne! Nani mwingine? Nimemkamata na mkono kapuni." Akamsimulia yote, haraka haraka, kama mtoto aliyetoka sarakasi: kengele, simu, fomu itakayokuja, kikao.

Kerwin aliendelea kukoroga. "Kwa hiyo ni kengele tu?"

"Kengele tu!"

"Na huyo mtoto yukoje?"

"Yukoje vipi?"

"Yukoje, dada. Hajambo? Anacheka? Anapenda nini?"

Denetra alijua mtoto kalipuka mara ngapi, mara ishirini na saba. "Anapenda magari," akasema mwishowe.

"Mimi ile shule siikumbuki," akasema Kerwin. "Nakumbuka tu nyumbani mnazungumza kwa kunong'ona, na wewe ukinitazama kama nimevunjika. Kila siku ukinitazama hivyo. Waambie hao watu waache kengele, bwana. Leta sahani tule."

"Wewe ulionewa, Kerwin!"

"Nilionewa, sawa. Sasa kula."

Alikula, lakini hakumsamehe mdogo wake kwa ule ubaridi wake. Mtu umemtunzia kisasi chake miaka yote hiyo, umekilea, umekivisha, leo unamletea anakuambia leta sahani!

Ikaja Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu. Unajua kwetu tangu sikukuu ya Mamajusi mpaka mkesha wa Kwaresima hakuna Ijumaa bila keki ya mfalme. Ni keki ya mviringo, imepakwa sukari ya zambarau, kijani na dhahabu, na ndani kimefichwa kitoto cha plastiki. Kipande chako kikiwa nacho, wewe ni mfalme leo, na keki ya Ijumaa ijayo inatoka kwenu. Hilo halina mjadala. Watu wamegombana na wake zao, wamehama mtaa, wamefiwa, na keki wameleta.

Kitoto kikamwangukia Tavion. Alikitoa mdomoni, akakiramba sukari, akakiinua juu. "Mimi!" akasema. "Mwalimu Tessie, ni mimi!" Wakamvisha taji la karatasi. Denetra hakuwahi kumwona mtoto huyo akitabasamu, na alishangaa kuona ana vishimo mashavuni.

Bi Ozanne akaingia na kengele.

Denetra alitazama saa, akaandika: saa nne na dakika ishirini. Kengele ikalia. Taji likaanguka, meza ikapinduka, na alipotulizwa kulikuwa na damu kwenye shati la Tessie na Tavion amejibana chini ya sinki, anatetemeka, kitoto cha plastiki kimefumbatwa kiganjani.

Bi Ozanne akainama, akakifungua kile kiganja kidole kwa kidole, akakitwaa kitoto. "Hiki tutampa mwingine, sha. Wewe Ijumaa ijayo hutakuwepo."

Monette akaitwa. Alifika na aproni yake ya jikoni. Fomu ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Akatia sahihi. Bi Ozanne akaenda kwenye vikulabu vya makoti, akabandua karatasi yenye picha ya gari moshi na jina TAVION, akamkabidhi. Denetra alikuwa kwenye kijikiti chake. Aliandika hata sauti ya ile karatasi ilipobanduka. Nimekupata, mama, akajiambia. Nimekupata. Alifurahi mpaka akaona aibu kidogo, akaifukuza aibu.

Ijumaa iliyofuata ukumbi wa kanisa ulijaa. Wazazi walikuwa mbele na mashemasi upande wao, Shemasi Batiste akiwa mwenyekiti, na Bi Ozanne kakaa kiti cha heshima na kofia yake ya manyoya. Hawajaanza, mlango ukafunguliwa. Monette Rideau akaingia na keki ya mfalme, kubwa, ya nyumbani, sukari bado inang'aa. Nyuma yake Zariah.

"Mwanangu alipata kitoto," akasema Monette. "Mlimnyang'anya, lakini alikipata. Kwetu keki hailali." Akaiweka mezani. "Kuleni. Nilikuwa na nafasi ya kuoka, kazini wamenisimamisha tangu Jumatatu."

Hakuna aliyethubutu kushika kisu. Denetra aliona hapo Mungu mwenyewe amempangia. Akasimama.

"Shemasi, naomba nafasi. Na wewe, Monette, usiondoke. Hili linakuhusu."

Akasoma. Ah, alisoma! Miaka thelathini na miwili ilikuwa katika sauti ile. Tarehe, saa, kengele. Tarehe, saa, simu. Mara arobaini na nne kengele, mara arobaini na nne mtoto. Akaeleza habari ya Mzee Alcide na kengele yake ya kitandani. Watu wakashika vichwa, mama mmoja akaanza kulia. Tessie alikuwa kajifunika uso. Kisha Denetra akaiweka karatasi chini, akafungua Biblia ya mama yake aliyokuja nayo, akatoa ile karatasi ya chura.

"Na kabla yake alikuwepo Kerwin Ledet, mdogo wangu, miaka minne. Unamkumbuka, Bi Ozanne? Ulimwita mama yetu kiwandani mpaka akakosa kazi. Ulibandua hii kwa mkono wako. Uliniona mlangoni."

Bi Ozanne aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. "Kerwin," akasema. "Sikumbuki, sha. Nisamehe. Wamekuwa wengi."

Wamekuwa wengi! Hata Shemasi Batiste alifumba macho aliposikia. Bi Ozanne mwenyewe alisikia alichosema. Akaitoa kengele mfukoni mwa koti, akaiweka mezani karibu na keki, akaisukuma mbali kwa ncha ya kidole. "Jumatatu nitawapa funguo za shule," akasema. "Sikujua habari ya kengele. Mungu shahidi wangu, ningejua ningeitupa siku ile ile."

Kisasi kilikuwa kimekwisha kuiva, Denetra alikuwa na kijiko mkononi. Angekaa chini hapo, mambo yangeisha. Lakini yule bibi alikuwa amefundisha watoto kusoma miaka arobaini na mitano, na macho yake yaliangukia karatasi ya kwanza, iliyobaki mezani uso juu. Akavaa miwani.

"Bi Guillory. Hii mistari uliandika lini?"

"Tarehe ziko juu."

"Naona. Tarehe tisa. Hapa umeandika kwa mkono wako, saa nne na dakika mbili: 'Kengele. Babu. Ndiyo hiyo.'" Akainua kichwa. Sauti yake haikuwa na ubaya wowote, na ndiyo maana ilisikika mpaka nyuma. "Ulijua tarehe tisa. Leo ni thelathini. Mbona hukuniambia?"

Denetra alikuwa na majibu mengi kwa miaka mingi, yote ya swali lingine.

"Nilikuuliza," akasema Tessie, akaondoa mikono usoni. "Nilikufuata kwenye gari nikakuuliza. Ukaniambia tuendelee kuangalia."

Monette hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alimgeukia Denetra, akamtazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua.

"Mimi nilikuambia jikoni kwangu," akasema. "Nilikupa kahawa, nikakuambia."

Akamshika Zariah bega, wakatoka.

Denetra aliwakimbilia. Aliacha Biblia, akaacha karatasi, akakimbia na viatu vya kisigino kwenye changarawe. Gari lilikuwa chini ya ukuta wa kanisa, na Tavion ndani, kiti cha nyuma, akiendesha kigari cha plastiki kwenye kioo cha dirisha.

"Monette! Nisikilize. Kengele imekwisha. Bi Ozanne anaondoka. Tavion arudi Jumatatu, nitakuwepo mwenyewe kila siku, nitakaa naye—"

"Arudi kwa nani?" akasema Monette. "Yule mama alimwumiza kwa kutojua. Wewe?"

"Nilikuwa na sababu zangu. Ulisikia mdogo wangu alivyofanywa—"

"Nilisikia. Wa kwako alikuwa na miaka minne. Na wangu ana mingapi?"

Akaingia garini, akafunga mlango. Gari halikuwaka, maana funguo hazikuwa naye.

Funguo alikuwa nazo Zariah. Alikuwa bado kasimama upande wa pili wa gari, kazifumbata kifuani. Hakulia. Alimtazama Denetra kuanzia viatu, sketi, kitambulisho kifuani, mpaka usoni, na hakuwa na haraka hata kidogo.

"Jina lako nani?" akauliza.

"Unanijua, mpenzi. Denetra."

"La pili."

Denetra alitaka kukataa. Alijua anaulizwa nini. Katika dunia nzima hakuna aliyelijua swali lile kuliko yeye.

"Guillory," akasema.

Midomo ya mtoto ikacheza bila sauti, mara moja, mara mbili, kisha akampa mama yake funguo.